Ukurasa wa Waceke Kagwe

Hebu niambie wewe: umewahi kunyimwa dawa kwa sababu umeshapona, na huku jicho lako limevimba kama andazi? Au kukataliwa chanjo kwa sababu umeshachanjwa, na mkono wako hauna hata mkwaruzo? Mimi na binamu yangu tulifanyiwa hayo mwaka wa hamsini na sita, hapa Ruiru. Ninayaandika polepole kwa kalamu, maana nikiyasema kwa mdomo wajukuu wangu wanaanza kucheka kabla sijafika katikati, nami nasahau nilipokuwa.

Nianze na jina, kwa sababu jina ndilo lililotutesa.

Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hakuna kuchagua wala kuulizana. Cucu yetu, yaani nyanya, aliitwa Waceke, mke wa Kagwe. Alizaa wavulana wawili, Macharia na Gichuru. Macharia akapata msichana, akawa Waceke. Gichuru, ndiye baba yangu, naye akapata msichana, akawa Waceke, na huyo ni mimi. Nyumbani haikuwa shida hata kidogo. Binamu yangu alikuwa na miguu mirefu kama korongo, tukamwita Waceke Mrefu. Mimi niliitwa Waceke wa Magdalene, kwa jina la mama yangu. Cucu alikuwa Cucu. Baba aliniita Maitu, maana yake mama, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, na nikililia viatu aliniambia, "Maitu, mimi ulinilea peku, leo wewe ndiye unataka viatu?"

Baba alikuwa seremala. Yeye na baba mkubwa Macharia walichukuliwa siku moja asubuhi, wakati wa Hali ya Hatari, wakapelekwa kambi ya wafungwa. Baba aliondoka na vumbi la mbao kwenye nyusi. Sisi tuliobaki tukahamishiwa kijiji kimoja juu ya reli, nyumba mia mbili zilizobanana, handaki kuzunguka, seng'enge juu ya handaki na lango moja tu.

Siku ya kuandikisha watu karani aliuliza kila mtoto jina la baba. Na ilikwisha kujulikana kwamba mtoto ambaye baba yake yuko kambini husimama kando. Shuleni huambiwa angoje wengine waingie kwanza, na wengine hawaishi. Basi Cucu akawahi kujibu.

"Watoto wote hawa ni wa Kagwe."

Kagwe alikuwa babu yetu, alikufa zamani, na mtu aliyekufa hakuna anayemshuku. Mama yangu alifungua mdomo. Cucu akamkanyaga mguu. Niliona vizuri, kwa maana nilikuwa mfupi, macho yangu hayakuwa mbali na miguu.

Karani akamwandika Mrefu, Waceke Kagwe, akageuka kwangu. "Na huyu?"

"Waceke Kagwe," Cucu akasema.

"Huyo nimeshaandika. Na wewe mwenyewe, mama mzee?"

"Waceke, mke wa Kagwe."

"Nimesema nimeshaandika," akasema kwa hasira, akaenda nyumba ya jirani.

Hivyo ndivyo watu watatu tulivyoingia kwenye mstari mmoja.

Sasa dispensari. Ilikuwa katika shamba moja la kahawa kati ya Ruiru na Thika, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto. Dresa, yaani mtoa dawa wa pale, alikuwa Mkamba, kijana nadhifu, jina lake Muthoka. Alivaa koti jeupe lenye vifungo vitano, na cha tatu kutoka juu kilikuwa cha rangi nyingine. Alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, na kila mgonjwa alipewa ukurasa wake. Mzungu wa afya alikuja kila mwezi kukagua kwamba hakuna jina lililopata dawa ile ile mara mbili, kwa sababu watu walikuwa wameshikwa sokoni Thika wakiuza dawa za serikali. Muthoka alimwogopa Mzungu huyo kuliko ugonjwa wowote.

Mwezi wa saba niliugua macho, nikatiwa dawa, nikapona. Ukurasa ukaandikwa. Mwezi wa tisa Waceke Mrefu alipelekwa na mama yake kuchanjwa ndui, akapewa kadi. Ukurasa ukaandikwa. Ukurasa ule ule.

Hakuna aliyejua mpaka Desemba, tulipotakiwa shuleni. Ilikuwa shule ya kanisa, karibu na stesheni ya Ruiru, nafasi sitini, na watoto waliotaka nafasi hizo hata mia mbili wanapita. Mwalimu Kang'ethe alikaa mezani na kengele mbele yake. Ndui ilikuwa imesikika kwenye laini za wafanyakazi wa mkonge huko ng'ambo ya Thika, basi akasema, mtoto bila kadi ya chanjo hapiti.

Mrefu alitoa kadi yake. Mwalimu akainakili, kisha akamtazama usoni. Macho ya Mrefu yalikuwa yameanza kutoa usaha wiki ile.

"Nafasi ninakuwekea, lakini macho hayo yataambukiza darasa zima. Yatibiwe kwanza. Na wewe?"

Mimi sikuwa na kadi. Mama akasema tutaileta.

"Ijumaa nafunga," mwalimu akasema. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi."

"Akikosa sasa, Desemba ijayo atakuwa na kumi na moja, na darasa la kwanza sipokei wa kumi na moja. Mama Waceke, usiniletee machozi Januari. Niletee kadi Ijumaa."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilirudi nyumbani nikihesabu siku kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vilitosha.

Jumanne mama aliomba ruhusa ya kutochimba handaki, akachukua pasi yake na yangu, tukatembea hadi dispensari. Foleni ilizunguka nyumba. Tulipofika dirishani Muthoka akalowesha kidole, akafunua kurasa.

"Waceke Kagwe. Mwezi wa saba, macho, amepona. Mwezi wa tisa, chanjo ya ndui, kadi imetolewa. Sasa mnataka nini tena, mama?"

"Chanjo. Mwalimu anataka kadi Ijumaa."

"Amechanjwa."

"Hajachanjwa. Mtazame mkono."

Muthoka akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia, akanigeuza kama kuku wa sokoni.

"Kovu limefifia. Kuna watu wako hivyo."

"Limefifia kwa miezi mitatu? Mimi nina kovu la jiko tangu nikiwa msichana, linaonekana mpaka leo!"

"Mama, la jiko silo langu."

"Aliyechanjwa ni mtoto mwingine."

"Anaitwaje?"

"Waceke Kagwe."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja aliyeshika shavu kwa maumivu ya jino alicheka mpaka akaliachilia.

"Na huyu ni Waceke Kagwe," Muthoka akasema, "na yule ni Waceke Kagwe. Kesho utaniletea wa tatu."

"Wa tatu yupo, ni nyanya yao."

"Ngai!" mtu akasema nyuma yetu. "Huyo mama ana shamba la hao watu."

Muthoka hakucheka. Aliinama karibu na dirisha. "Sikiliza, mama. Baba ya huyu mtoto ni nani?"

Mama akageuka kutazama foleni. Watu wawili nyuma yetu alikuwako homgadi, askari mgambo wa kijijini kwetu, amefunga kidole kwa kitambaa. Mama akageuza uso dirishani haraka.

"Kagwe," akasema.

"Basi mimi sina la kufanya. Mlete huyo mwingine nimwone kwa macho yangu, wasimame pamoja hapa. Anayefuata!"

Njiani kurudi mama alitembea mbele mpaka daraja la pili. Hapo akasimama ghafla, akanitazama kama mimi ndiye niliyemkatalia. "Ningelisema tu," akasema. "Lilikuwa hapa mdomoni." Nilijua anasema jina gani. Nyumbani kwetu halikutajwa tena, hata kwenye maombi Cucu alisema tu "wale walio mbali."

Jioni ile alienda kwa hedimani wa kijiji, Wainaina, langoni, nami nyuma yake, kuomba pasi mbili za kesho, ya Mrefu na yangu; yake alikuwa nayo. Wainaina alikuwa na orodha iliyopigwa mashine, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka.

"Waceke Kagwe, mtu mmoja," akasoma. "Pasi moja."

"Wainaina, unatujua. Huyu ulimbeba mgongoni siku ya mafuriko."

"Mimi nawajua, Magdalene. Karatasi haiwajui. Askari wa darajani anaangalia karatasi, haangalii mgongo wangu."

"Andika mbili tu, mwana wa mama."

"Jina moja, siku moja, pasi mbili? Wanikute na hilo? Halafu wewe utaniletea uji kambini?" Akakunja orodha. "Na isitoshe, pasi ya kesho ya Waceke Kagwe imeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na mama mkwe wako. Anapeleka viazi vitamu kwa dada yake."

Niliwahi kumwona mama amekasirika, lakini jioni ile alisimama langoni akipumua kwa pua kama ng'ombe aliyepanda mlima. Alienda kwa Cucu akamwambia viazi vingoje. Cucu akatoa pasi. Na kwa kuwa pasi ilikuwa moja, wakaamua aende Mrefu, kwa sababu macho yalizidi, na kwa sababu Muthoka alisema anataka kumwona huyo mwingine. Akimwona, ataelewa. Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Ukikaa ukafikiria, utaona kosa letu lilikuwa wapi, lakini sisi tulikuwa tumechoka.

Mimi sikuwako Jumatano; mama ndiye aliyempeleka Mrefu, kwa kuwa mama yake Mrefu alikuwa zamu ya handaki wiki ile. Mrefu alinieleza mara nyingi, na kila mara alimwigiza Muthoka kwa kidole kile cha kulowesha.

"Waceke Kagwe," Muthoka akasoma, akainua macho, akamwona mama yangu, akamshika Mrefu mkono, akapandisha mkono wa gauni. Kovu likaonekana, la mviringo, linang'aa.

"Aha! Mama, jana uliniambia mtoto huyu hana kovu. Hili ni nini, shilingi?"

"Huyu siye wa jana!"

"Nimesoma Waceke Kagwe jana, nimesoma Waceke Kagwe leo."

"Mtazame basi! Huyu ni mrefu. Wa jana alifika hapa." Mama akaonyesha kifuani.

"Watoto hukua, mama."

"Kwa usiku mmoja?"

"Mimi huona watu tisini kwa siku. Nikianza kuwapima kwa rula, nani atatibiwa?" Akafunua kope za Mrefu kwa kidole gumba. Usaha ukashuka mpaka kidevuni. Akaguna, akatazama daftari. "Macho aliponywa mwezi wa saba. Tyubu nzima ilitolewa. Mliuza pesa ngapi?"

Mrefu anasema mama alichukua kitambaa chake cha kichwa, akampangusa Mrefu uso polepole, upande huu, upande ule, akageuka akaondoka. Nyumbani aliketi kwenye kigoda akasema, "Mmoja ana kovu lakini hana dawa. Mwingine hana kovu na hapewi. Katika kitabu chao tuna mtoto mmoja mzima kabisa, mwenye afya kuliko watoto wote wa Ruiru. Ningependa kumwona siku moja."

Cucu alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Akarusha mawe mawili nje ya mlango. "Kesho lori la kahawa linakuja," akasema.

"Sasa kahawa imeingiaje, mama? Kesho ni Alhamisi! Zimebaki siku mbili!"

"Lori la kahawa linaomba pasi?"

Mama akamtazama. Mimi pia nikamtazama. Ilikuwa kweli. Desemba buni zilikuwa zimeiva zinaanguka, na wenye mashamba walitaka kila mkono, wa mtoto na wa mzee. Lori lilipokuja langoni halikuuliza jina la mtu. Walihesabu vichwa, basi. Na wiki ile lori lilikuwa linapeleka watu shamba lile lile lenye dispensari.

"Mama," mama yangu akasema, "ulijua hilo tangu Jumanne?"

"Jumanne sikuulizwa," Cucu akasema. "Lakini Magdalene, tukifika huko, ni Kagwe. Umesikia? Usiniharibie watoto. Ni Kagwe."

Mama akainuka kwenye kigoda, akaenda kukung'uta magunia.

Alhamisi tulipanda lori, wanne, Cucu, mama, Mrefu na mimi, tumejifunga magunia kiunoni. Darajani askari akapiga ubao kwa fimbo, akahesabu, "Arobaini na tatu! Pita!" Hata hakututazama usoni. Siku ya kwenda kutafuta dawa sisi watatu tulikuwa mtu mmoja, na siku ya kuchuma kahawa tulikuwa watu watatu kamili. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, lakini hata mimi nilihisi kuna mtu anatuchezea.

Tulichuma mpaka jua likawa juu ya kichwa. Buni nyekundu tu, za kijani unapigwa kelele. Vidole vilinata. Cucu akamwendea nyapara.

"Mtoto ameshikwa na tumbo, nimpeleke hapo dispensari."

"Mpeleke. Na hawa wengine?"

"Wote wameshikwa na tumbo. Na mimi."

"Wote wanne?"

"Tulikula chungu kimoja."

Nyapara akachungulia kwenye madebe yetu, akaona yanakaribia kujaa. "Kengele ya mizani ikilia muwe hapa. Mkikosa kupima, hamkuchuma."

Tulikimbia, Cucu pia, ameshika gunia lake kama gauni. Foleni haikuwa ndefu. Cucu akatupanga dirishani, yeye mwenyewe, Mrefu, kisha mimi.

"Jina?" Muthoka akauliza bila kuinua kichwa.

"Waceke Kagwe," tukasema wote watatu.

Muthoka akainua kichwa. "Aiya," akasema kwa sauti ndogo. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasimama kabisa, kiti kikaanguka nyuma yake. Akashika mkono wa Mrefu, kovu. Akashika mkono wangu, hakuna kovu. Mkono wa Cucu hakuushika.

"Nilikuambia," mama akasema. "Nilikuambia Jumanne. Nilikuambia jana."

"Uliniambia." Akajipangusa uso kwa mkono wa koti. "Mama, unisamehe. Hata kwetu tunaitwa kwa mababu. Muthoka tuko wanne nyumbani, nilipaswa kujua. Lakini kila mmoja wetu ana baba yake kwenye cheti."

Alianza na Mrefu. Akafuta "amepona" kwa mstari mnene, akamsafisha macho kwa pamba na maji ya chumvi, akamtia dawa. "Ukurasa huu utabaki wa huyu," akasema. "Huyu mdogo namfungulia mwingine, namchanja sasa hivi, kadi anaondoka nayo." Akageuza mpaka ukurasa mweupe, akatoa kalamu sikioni. "Waceke nani?"

"Kagwe," Cucu akasema.

"Cucu, Kagwe ana mtu tayari. Mzungu akiona Waceke Kagwe wawili, kurasa zote mbili anachana, na mimi ananichana. Nipe jina la baba ya mtoto."

"Baba yake hayupo."

"Sikuuliza yuko wapi. Nimeuliza jina."

"Andika Waceke Petro."

"Petro ni nani?"

"Mtume."

Watu wakaanza kucheka tena. Muthoka akafumba macho. "Cucu, ninakuomba."

"Basi andika Waceke Muthoka, wewe si mtu mbaya."

"Mke wangu anasoma daftari hili!"

Kengele ya mizani ikalia kule shambani. Mara moja, mara mbili. Nikaona watu wakitoka kwenye mistari ya kahawa na madebe kichwani. Muthoka alikuwa ameshaweka sindano kwenye sahani, spiriti inanuka, na mkono wangu uko wazi tangu muda huo, baridi. Kalamu ilikuwa inangoja juu ya karatasi. Nyuma yetu, kwenye foleni, kulikuwa na watu wa kijiji chetu, wenye masikio.

"Mama, jina," Muthoka akasema, na safari hii alikuwa anamtazama mama yangu. "Siwezi kuchanja mtu asiye na jina. Kesho ni Ijumaa, si uliniambia?"

"Magdalene," Cucu akasema.

"Hapana, mama. Sogea kidogo." Mama akamshika Cucu bega kwa heshima, akamweka kando, akasimama mbele ya dirisha akaweka mikono yote miwili, myekundu kwa buni, juu ya ubao.

"Andika Waceke Gichuru," akasema, wala hakunong'ona. "Gichuru mwana wa Kagwe, seremala, mume wangu. Yuko kambini. Mwalimu akikataa, akatae nikiwa nimesimama mbele yake. Tangu wamchukue nimetaka kitu kimoja tu, jina lake liandikwe mahali ambapo si orodha ya wafungwa, na liandikwe kwa mtoto wake."